Tupange Kwanza Vipande vya Video, Ndipo Tuhariri



Wakati wa likizo, sisi mafrateri pamoja na vijana wa parokia hapa Chuno tulimrekodi katekista mmoja mzee. Alikaa barazani kwake akasimulia jinsi alivyofundisha watoto mafundisho ya Komunyo ya Kwanza chini ya mkorosho, kabla kanisa halijajengwa. Tulisema tutaihariri video hiyo baadaye. Miezi michache ikapita, mzee akafariki dunia, na familia ikaomba sauti yake isikike siku ya maziko.

Tulikuwa na kadi tano, simu nne, na folda tatu zote zikiitwa "Video mpya". Tulitafuta usiku kucha, hatukuona kitu. Kipande chenyewe tulikikuta siku ya nane baada ya maziko, ndani ya folda ya harusi. Wanawe walikisikiliza, wakalia, wakatushukuru. Lakini saa yake ilikuwa imeshapita. Kwa sababu hiyo tunaandika makala hii, ili parokia nyingine isipatwe na yaliyotupata sisi.

Kanisa limehimiza matumizi mema ya vyombo vya mawasiliano tangu hati Inter Mirifica ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963. Siku hizi karibu kila kijana ana kamera mfukoni, na kurekodi si shida tena. Shida ni kukipata tulichorekodi pale kinapohitajika. Tuliyojifunza tunayaweka katika hatua tano.

Hatua ya kwanza: kunakili kwa uangalifu

Kamera haijui Misa wala harusi. Yenyewe huhesabu tu: MVI_0001, MVI_0002, na kuendelea. Kamera mbili zinaweza kuzaa mafaili mawili tofauti yenye jina moja. Ukiyamwaga yote katika folda moja na kukubali kompyuta ibadilishe la zamani kwa jipya, moja limepotea. Kwa hiyo kila kadi ipate folda yake.

Baada ya kunakili, linganisha idadi ya mafaili na ukubwa wake na yale yaliyo kwenye kadi. Kisha fungua la kwanza, la katikati na la mwisho uone kama yanacheza. Kadi isifutwe mpaka nakala mbili ziwepo.

Mpiga picha Peter Krogh alieneza kanuni rahisi ya namba tatu: nakala 3, kwenye aina 2 za vifaa, na 1 ikae mahali pengine. Kwa parokia, nakala moja inaweza kukaa kwenye kompyuta, nyingine kwenye diski ya nje ofisini, na ya tatu kwa kiongozi mwaminifu mbali na hapo. Mwizi, moto au paa linalovuja havichagui. Sisi wa pwani tukumbuke pia hewa ya chumvi: diski ikae ndani ya chombo kinachofunga vizuri.

Nafasi nayo ihesabiwe mapema. Kamera inayorekodi megabiti 24 kwa sekunde hutumia takriban gigabaiti 11 kwa saa moja. Misa ya saa tatu kwa kamera mbili inakaribia gigabaiti 65.

Hatua ya pili: folda zenye mpango mmoja

Jina la folda lianze na mwaka, ufuate mwezi, kisha siku, halafu tukio: 2025-08-15_Kupalizwa_Mbinguni. Ukianza na mwaka, kompyuta itazipanga folda zenyewe kwa mfuatano wa wakati. Ukianza na siku, tarehe 15 za miezi yote zitakaa pamoja na mpangilio utavurugika. Ndani ya folda hiyo weka folda ndogo: Kamera1, Kamera2, Simu, Sauti, Picha. Kabla ya tukio, hakikisheni saa na tarehe za kamera zote zinalingana, maana baadaye zitasaidia kujua kipi kilitangulia.

Hatua ya tatu: majina kabla ya kuhariri

Kipande kipewe jina linaloeleweka, kwa mfano 2025-08-15_K1_012_Matoleo. Namba ya mwanzo ya kamera ibaki ndani ya jina. Kazi hii ifanyike kabla ya kuingiza vipande katika programu ya kuhariri, iwe Kdenlive, DaVinci Resolve au nyingine. Programu hizi kwa kawaida hazihifadhi video ndani yake; zinakumbuka tu mahali faili lilipo na jina lake. Ukibadilisha jina katikati ya kazi, programu italitafuta faili isilione.

Tena, vipande visikusanywe kwa kutumiana video kwenye WhatsApp kwa njia ya kawaida, kwa sababu hubanwa na kupoteza ubora. Mwenye simu alete simu, au atume faili kama hati.

Hatua ya nne: daftari

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inaagiza kila parokia iwe na vitabu vyake: cha ubatizo, cha ndoa, cha marehemu. Katibu hasemi "nitamkumbuka mtoto huyu". Anaandika jina, wazazi, wasimamizi, mahali na tarehe. Miaka arobaini baadaye mtu akitaka kufunga ndoa, anapatikana kitabuni. Video nazo zinahitaji kitabu chao.

Jedwali la kompyuta au daftari la kawaida linatosha. Safu zake ziwe: jina la faili, tarehe, mahali, tukio, nani yumo, urefu, aina ya picha (ya mbali, ya kati, ya karibu), hali ya sauti, daraja, ruhusa na maelezo. Tunaosoma falsafa tunaona hapa maswali ya zamani ya Aristotle: ni nini, kiasi gani, wapi, lini.

Kipande kitazamwe chote. Penye maneno mazito andika dakika yake: "04:12, anasimulia mkorosho". Wawili wakikaa pamoja, mmoja akitazama na mwingine akiandika, kazi huenda haraka. Daraja A ni kipande kizuri, B kinafaa, C ni cha akiba. Cha C kisifutwe upesi; picha iliyotikisika huenda ndiyo pekee yenye sauti ya marehemu.

Hatua ya tano: ruhusa

Tulipotazama vipande vyetu tulikuta mama akilia mbele ya jeneza, na watoto wakioga kisimani nyuma ya mzungumzaji. Walionaswa hawakuombwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini hata bila sheria, heshima ya mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu inatosha kutuzuia. Kwa watoto tuombe idhini ya wazazi, kwa mgonjwa yake mwenyewe au ya familia. Palipo na shaka, safu ya ruhusa iandikwe "isitumike", ili mhariri wa kesho asiyekuwepo siku hiyo ajue.

Kazi hii huchosha. Kwa saa moja ya video, sisi hutumia saa mbili au zaidi kuandika daftari. Faida yake tuliiona baadaye, kwani kuhariri kukawa kuchagua, badala ya kuwa kutafuta.

Mzee wetu sasa yumo kwenye daftari, mstari wa kwanza kabisa, na mjukuu wake akitaka kumsikia anampata kwa dakika moja. Basi, vijana wa kwaya, VIWAWA na kamati za parokia, msianze na video za miaka yote. Anzeni na Misa ya Jumapili hii, halafu rudini nyuma polepole, mkitanguliza wazee.