Je, Wajua? Mahindi Tele, Mifuko Mitupu: Umaskini wa Ufipa

Je, wajua kwamba katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18, Rukwa ndio uliokuwa mkoa maskini kuliko yote Tanzania Bara? Watu 45 katika kila 100 waliishi chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, wakati wastani wa Bara ulikuwa asilimia 26.4 na Dar es Salaam asilimia 8. Mstari wenyewe ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi: chakula, mavazi, sabuni, dawa, vyote humo humo.

Je, wajua kwamba Rukwa hiyo hiyo, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ndiyo iliyoitwa mikoa minne mikubwa kwa mahindi? Kwa hiyo anayesema watu wa huku ni maskini kwa sababu hawalimi, hajafika.

Wala ujuzi haukukosekana. Wafipa, wenyeji wa Ufipa mkoani Rukwa, wana kilimo chao cha ntumba. Mvua zikikaribia kuisha, udongo ukiwa bado laini, nyasi hukatwa kwa jembe na kurundikwa, kisha udongo hugeuzwa juu yake mpaka litokee tuta la duara. Nyasi huozea ndani na kuwa mbolea. Juu ya tuta hupandwa maharage, na msimu unaofuata tuta hubomolewa, udongo ukatawanywa, ukapandwa ulezi. Majembe nayo yalitengenezwa papa hapa, kwa chuma kilichoyeyushwa katika matanuru marefu kupita kimo cha mtu. Bonde la Ziwa Rukwa lilifuma nguo zake za pamba.

Je, wajua kwamba wakati wa ukoloni wa Mwingereza mikoa ya magharibi, Ufipa ikiwamo, ilihesabiwa kuwa chimbuko la vibarua? Vijana walikwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, na jembe likabaki kwa mama zao na wake zao.

Je, wajua kwamba miaka ya 1970 mkulima wa Sumbawanga, makao makuu ya Rukwa, alilipwa bei ile ile ya mahindi aliyolipwa mkulima wa jirani na Dar es Salaam? Serikali ilipanga bei moja kwa nchi nzima, Shirika la Usagishaji la Taifa likanunua na kubeba gharama ya usafiri. Mahindi yakashamiri nyanda za juu kusini. Shirika likalemewa na madeni, na mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 yakaifuta bei hiyo. Ilikuwa sera ya gharama kubwa, nakubali. Lakini ilipoondoka, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam uliangukia begani mwa mkulima peke yake, na hilo halikuwa haki.

Lami ya kutoka Tunduma, mji wa mpakani na Zambia, hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, ilijengwa kwa fedha za mkataba ambao Tanzania ilitia saini na Marekani mwaka 2008. Nauli ya gunia ni sehemu ya bei ya gunia, kwa hiyo barabara ni sera ya umaskini sawa na ruzuku yoyote.

Je, wajua kwamba soko la karibu la Rukwa liko nje ya nchi? Mkoa unapakana na Zambia, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo. Juni 2017, serikali ilipopiga marufuku kuuza mahindi nje ili kulinda akiba ya chakula, waliolipia ulinzi huo ni wakulima wenye magunia ndani.

Je, wajua lumbesa inavyofanya kazi? Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha juu linaongezewa kilemba na kushonwa kwa kamba. Mkulima analipwa gunia moja, debe la ziada limekwenda bure. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na mizani ndiyo dawa. Ila mizani iko mjini, na mnunuzi yuko shambani na pesa taslimu mkononi. Familia inauza mwezi wa Juni kwa sababu kuna deni la mbolea na sare za shule, halafu Januari inanunua debe kwa bei ya juu kuliko ile iliyouzia. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2005 ilitungwa ili mkulima aweze kuweka mazao ghalani na kusubiri bei.

Sasa hili linaniuma kuliko yote. Utafiti wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wa kwanza kitaifa. Ule wa 2022 ulikuta karibu asilimia 50, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30. Ugali na uji wa mahindi matupu hushibisha tumbo tu. Mtoto anahitaji maharage, dagaa, maziwa, mboga. Ulezi, uliokuwa chakula kikuu cha Ufipa, una madini ya chokaa mara nyingi zaidi ya mahindi. Na mama anayeshinda shambani msimu wa palizi hana saa ya kumlisha mtoto mara tano kwa siku. Kumpunguzia mama kazi ni lishe.

Je, wajua kwamba TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilianza kunusuru kaya maskini mwaka 2012, kwa mtindo ulioanza kutumika Mexico mwaka 1997: kaya inapata fedha, mtoto anakwenda shule na kliniki? Ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi.

Sensa ya 2012 iliwakuta watu milioni 1 Rukwa. Ya 2022, milioni 1.5. Madarasa, zahanati na mashamba yapimwe kwa hesabu hiyo.

Je, wajua kwamba halmashauri yako inatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu? Haina riba. Anza kwa kumuuliza afisa maendeleo ya jamii wa kata.