Injini Haiishi kwa Maili, Huishi kwa Matunzo

Siku ya soko mjini Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, motokaa ndogo za aina ya Toyota Probox huonekana zikipanda na kushuka vilima zikiwa zimejaa abiria, mikungu ya ndizi na mitungi ya maziwa. Nyingi katika hizo ziliagizwa kutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, na tangu zilipoteremshwa bandarini Mombasa zimefanya kazi ngumu kuliko ile waliyozifanyisha wenyewe wa kwanza. Mtu anayetaka kununua moja huinama dirishani, hutazama saa ya mwendo, akaona kilomita 250,000 au zaidi, kisha hushika kidevu na kujiuliza: Je, injini hii imebakiwa na maisha kiasi gani?

Swali hilo si dogo. Mkulima huliuliza akiwa na bonasi yake ya chai mfukoni, na karani huliuliza akiwa amekopa fedha katika chama cha ushirika ambazo atazilipa kwa miaka kadhaa. Injini ikifa kabla ya deni kwisha, mtu hubaki akilipia chuma kilicholala uani. Kwa hiyo yafaa kujua ni nini hasa kinachoichosha injini, na ni nini kinachoifanya idumu. Na katika jambo hili walimu wazuri ni motokaa za mbio, kwa sababu injini zake hutumikishwa kwa nguvu zaidi kuliko nyingine.

MOTOKAA YA MAILI MILIONI TATU

Motokaa iliyokwenda mwendo mrefu kuliko zote zinazojulikana zilizokuwa na mwenyewe mmoja haikuwa lori wala teksi. Ilikuwa motokaa ya kispoti, Volvo P1800S nyekundu, iliyonunuliwa mwaka 1966 na mwalimu mmoja wa Marekani aliyeitwa Irv Gordon, mkaaji wa jimbo la New York. Kila siku ya kazi aliiendesha zaidi ya maili 100 kwenda shuleni na kurudi, na wakati wa likizo alizunguka nayo nchi nzima. Mwaka 1987 ilitimiza maili milioni moja, mwaka 2002 ikatimiza milioni mbili, na mwezi wa Septemba mwaka 2013, huko Alaska, ikatimiza milioni tatu. Mwendo huo ni kama kwenda mwezini na kurudi mara sita. Bwana Gordon alifariki mwaka 2018.

Watu walipomwuliza siri yake, hakuwa na dawa ya ajabu ya kuwaonyesha. Alibadilisha oili kila baada ya maili 3,000 hadi 3,500, alifuata kitabu cha mtengenezaji, alitumia vipuri halisi, na kila aliposikia mlio asioujua hakungoja mpaka kesho. Hata hivyo injini yake haikukwepa ufundi. Katika maisha yake ilifunguliwa na kufanywa upya mara mbili, na mara ya kwanza ilikuwa imekwisha kwenda maili zipatazo 680,000. Haya yasisahauliwe, maana wako wadanganyifu wauzao motokaa kuukuu kwa kusema kwamba injini njema haifunguliwi kamwe.

FUNDI WA KERICHO

Injini ya motokaa ile, iliyoitwa B18, haikuwa ngeni Afrika Mashariki. Ilikuwa ya silinda nne, na mhimili wake mkuu ulikaa juu ya beringi tano ili usipinde wala kutetemeka. Mwaka 1965 injini ya namna hiyo hiyo ilikuwa ndani ya Volvo PV544 iliyoshinda mashindano ya Safari. Aliyeiendesha ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, jirani kabisa na Nyamira, akiwa pamoja na ndugu yake Jaswant.

Motokaa yao haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kutumika katika mashindano, na washindani wengine walikuja na motokaa mpya. Lakini Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Alijua kila msumari wa motokaa yake, akajua pia wakati wa kuilazimisha na wakati wa kuihurumia. Katika safari ya maili zipatazo 3,000 za matope, mawe na vumbi, injini kuukuu iliyotunzwa iliyashinda magari mapya. Yeye mwenyewe alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976 kwa motokaa ya Mitsubishi Lancer.

Datsun 240Z nayo, iliyoshinda Safari mwaka 1971 na mwaka 1973, ilikuwa motokaa ya kispoti, lakini injini yake ilitoka katika ukoo mmoja na ile ya Datsun 1600 SSS, motokaa ya watu wa nyumbani, iliyoshinda mwaka 1970. Basi mara nyingi tofauti ya motokaa ya mbio na motokaa ya kawaida si kubwa kama watu wadhanivyo. Hata Probox yenye injini ya sentimita za ujazo 1,497 ina injini moja na Toyota Vitz RS, ambayo vijana wa Japani waliinunua kwa ajili ya kwenda kasi.

INJINI HUCHAKAA VIPI

Ndani ya injini vyuma havitakiwi kugusana. Kati ya beringi na mhimili, na kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, kuna utando mwembamba wa oili. Utando huo ukiwapo, chuma huteleza juu ya oili na karibu hakiliki. Ukikosekana hata kwa muda mfupi, chuma husaga chuma.

Wakati ambapo utando huo ni dhaifu kabisa ni asubuhi, injini inapowashwa ikiwa baridi, kwa maana oili yote imeteremka chini usiku na haijapanda bado. Mtu anayewasha motokaa Nyamira alfajiri ya baridi na papo hapo kukanyaga mafuta mpaka mwisho, huilaza injini yake kaburini kidogo kidogo kila siku. Ndiyo sababu maili za Bwana Gordon hazikuwa na uchungu mwingi. Motokaa yake iliwashwa mara chache, ikapata joto lake, ikaenda mbali kwa mwendo ulio sawa katika barabara nzuri.

MAILI ZA VILIMANI

Mambo ya Kisii na Nyamira ni mengine. Motokaa ya abiria huwashwa na kuzimwa mara nyingi kwa siku. Husimama kituoni ikinguruma huku ikingojea kujaa, na wakati huo injini inafanya kazi lakini saa ya mwendo haihesabu hata hatua moja. Kisha hupanda mlima kwa gia ndogo, ikiwa na watu kumi au zaidi mahali palipokusudiwa watu watano. Kwa hiyo kilomita 100,000 za huku haziwezi kulinganishwa na kilomita 100,000 za barabara kuu ya tambarare.

Fikiri hesabu hii. Motokaa inayokwenda kilomita 200 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, itakuwa imekwenda kilomita 60,000 katika mwaka mmoja. Katika miaka mitano itakuwa imeongeza kilomita 300,000 juu ya zile ilizokuja nazo. Injini yaweza kustahimili, lakini si kwa oili iliyogeuka lami. Mwenye kubadilisha oili kila baada ya kilomita 5,000 atafanya hivyo mara 12 kwa mwaka, na hiyo ni gharama. Lakini gharama ya kufungua injini na kununua ringi, beringi na gaskiti ni kubwa zaidi, pamoja na hasara ya siku ambazo motokaa haikwenda kazini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo la pili ni maji. Mji wa Kisii uko mita zipatazo 1,700 juu ya bahari. Pwani maji huchemka kwa joto la digrii 100, lakini katika kimo hicho huchemka kwa digrii zipatazo 94. Kifuniko cha rejeta kimewekwa ili kushika mgandamizo na kuzuia maji yasichemke mapema. Kifuniko kilicholegea, ambacho bei yake ni ndogo, chaweza kuichemsha injini katikati ya mlima na kupinda kichwa chake. Tena maji ya mtoni peke yake hayafai, kwani huleta kutu na takataka ndani ya injini. Maji maalumu ya rejeta ndiyo yanayotakiwa.

Jambo la tatu ni vumbi. Wakati wa kiangazi, katika barabara za murramu, chujio la hewa huziba upesi. Dereva anayelitupa ili motokaa ipate nguvu huingiza mchanga ndani ya silinda, na mchanga huo hula kuta zake kama msasa.

MOTOKAA ZENYE TURBO

Siku hizi vijana wengi hupenda Subaru Impreza yenye turbo, ya ukoo wa ile ambayo Colin McRae alishinda nayo Safari mwaka 1997. Injini hiyo ni hodari, lakini haisamehi uvivu. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nayo hutegemea oili. Baada ya mwendo mkali isizimwe ghafula, bali iachwe ingurume polepole kidogo ili turbo ipoe. Katika aina nyingi za injini hizo kuna mkanda wa mpira unaozungusha valvu, ambao hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni na valvu hugongana, na injini nzima huharibika kwa dakika moja. Probox inatumia cheni badala ya mkanda, na hiyo ni sababu mojawapo ya kudumu kwake.

ANAYETAKA KUNUNUA

Mnunuzi mwenye busara haiamini saa ya mwendo peke yake, kwa kuwa saa huweza kurudishwa nyuma. Hutazama kanyagio, usukani na viti. Vikiwa vimelika sana na saa ikaonyesha kilomita chache, kuna uongo. Huomba aone hati ya ukaguzi uliofanywa kabla motokaa haijapakiwa melini, ambamo kilomita zake huandikwa. Huja asubuhi, injini ikiwa baridi, akasikiliza inavyowaka. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili. Oili yenye rangi ya maziwa maana yake maji yameingia mahali pasipo pake. Mlio wa cheni usiokoma maana yake ni gharama. Mwisho humwita fundi asiyemjua mwuzaji, ampimie nguvu ya mgandamizo katika kila silinda.

Motokaa yenye kilomita 300,000 na daftari la matengenezo lisilo na pengo yaweza kuwa bora kuliko ile ya kilomita 120,000 isiyokuwa na historia.

Na liko neno moja la mwisho ambalo wenye motokaa wa vilimani hawana budi kulikumbuka. Injini njema humdanganya dereva. Kwa kuwa inapanda mlima ikiwa na watu kumi na mizigo yao, hudhani kwamba motokaa nzima ina nguvu hiyo. Lakini injini haisimamishi motokaa. Kazi hiyo ni ya breki, matairi na springi, navyo viliundwa kwa mzigo ulioandikwa katika kitabu. Joginder Singh alishinda kwa kujua mpaka wa motokaa yake. Dereva wa Keroka, mwenye roho za watu nyuma yake, ana sababu kubwa zaidi ya kuujua mpaka wa motokaa yake mwenyewe.

Kitunze kikutunze.