Kroshia: Urithi wa Bibi Wahitaji Daftari

Katika nyumba nyingi za Busoga, mgeni akikaribishwa huketi kwenye kochi lililotandikwa kitambaa cheupe cha kroshia. Ndivyo ilivyo pia Buwenge, mji mdogo ulio kaskazini mwa Jinja, kwenye barabara iendayo Kamuli. Mara nyingi kitambaa hicho ni kazi ya mikono ya bibi, na mjukuu aliyerithi ufundi huo aweza kuligeuza ua lile lile kuwa blauzi, shali au kofia ya mtoto.

Jinja ni mji wenye historia ya nguo. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na umeme wake ukaendesha mitambo ya kiwanda cha Nyanza Textile, kilichotoa majora kwa majora. Lakini kroshia halisi haifumwi na mashine za viwandani. Ndoano moja huvuta uzi, kitanzi kimoja baada ya kingine, mpaka vazi likamilike. Kwa hiyo kila vazi la kroshia limepita mikononi mwa mtu.

Kazi hii yafaa sana familia za askari. Mume akihamishwa kutoka Jinja kwenda Mbale, mke hubeba ndoano na uzi katika mkoba wake. Hahitaji umeme wala chumba cha kazi. Huko Ireland, wakati wa njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, wanawake wengi walifuma lesi kwa kroshia wakaiuza, na jamaa zao zikapata chakula.

Hesabu ya jasho

Hata hivyo, wafumaji wengi hujipunja wenyewe. Mnunuzi hulinganisha blauzi ya mkono na ya mitumba, naye mfumaji, kwa kuogopa kumkosa, hukubali bei yoyote. Tuchukue mfano. Nyuzi zimegharimu shilingi 20,000, na kazi imechukua saa 20. Mfumaji akiuza kwa shilingi 35,000, hubakiwa na 15,000, yaani shilingi 750 tu kwa saa. Akitaka shilingi 2,000 kwa saa, bei yake ni 60,000. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na aandike bei ya nyuzi na saa alizofanya kazi, kisha amwonyeshe mnunuzi hesabu hiyo.

Naye mnunuzi alitunze vazi lake. Alifue kwa mkono katika maji ya baridi, alikamue taratibu bila kulisokota, kisha alitandaze kivulini. Likitundikwa lingali bichi, uzito wa maji hulivuta likapoteza umbo.

Binti akiona kwamba ndoano ya bibi yaweza kulipa karo, atajifunza kwa hiari. Akiona bibi akifuma siku nyingi kwa malipo ya chumvi, ataiweka ndoano kabatini, na ufundi utazikwa pamoja na mwenyewe.