Fimbo Iwe Sawa na Kimo Chako

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Msemo huu ni wa kweli, lakini una mahali pake. Unamkemea mvivu, yule ambaye kila siku anatafuta sababu: leo jembe ni zito, kesho mpini umemchubua mkono, keshokutwa jua ni kali. Haukusemwa juu ya mtoto wa miaka 12 anayepewa jembe la papa yake na kuambiwa alime sawa na mtu mzima. Huyo hachagui jembe. Jembe njo limemkataa.

Angalia wavuvi wetu wa Kalundu na Makobola. Mwenye mikono mirefu na mwenye mikono mifupi, kila mmoja anajua kafi lake. Angalia wavunja mawe wa Misisi na Kamituga. Nyundo yenye mpini mrefu kupita kiasi inamlazimisha mtu mfupi kuinua mabega kila mara anapopiga, na jioni mgongo unauma. Hayo tunayajua. Leo tuongee juu ya chombo ambacho wengi wetu tumekiona kwenye televisheni tu, lakini kinafundisha jambo hilo hilo kwa hesabu iliyo wazi. Ni fimbo ya golf.

MCHEZO WA WAKUBWA TU?

Mtasema: golf ni mchezo wa wakubwa wa makampuni, sisi unatuhusu nini? Unatuhusu, kwa sababu mchezo huu umefuata migodi pahali pengi pa Afrika. Lubumbashi kuna mtaa mzima unaoitwa Golf. Ng'ambo ya mpaka, kule Zambia, miji ya shaba kama Ndola, Kitwe na Mufulira ina viwanja vyake. Mahali ambapo maji yalikuwa haba, hawakupanda nyasi laini kuzunguka shimo. Walitandaza mchanga uliochanganywa na mafuta, wakacheza juu yake.

Na penye kiwanja, hapakosi vijana wanaobeba mifuko ya wachezaji. Kijana wa namna hiyo anaanza kucheza kwa fimbo kuukuu aliyopewa, ao aliyonunua kwenye soko la chagua. Taabu inaanza hapo. Fimbo hiyo ilitengenezwa kwa mwili wa mtu mwingine. Kijana anapiga, anakosa. Anapiga tena, anakosa. Mwisho anaambiwa: "Wewe ni mfupi, huu siyo mchezo wako." Naye anaamini. Neno la namna hiyo likiingia moyoni mwa kijana, halitoki upesi, na linamfuata hata kwenye masomo na kazi.

WAFUPI WAWILI WALIOFIKA MBALI

Tuseme kwanza juu ya Gary Player. Alizaliwa Johannesburg mwaka wa 1935. Papa yake alifanya kazi chini ya ardhi katika mgodi wa zahabu. Mama yake alikufa kwa kansa wakati mtoto alikuwa na miaka 8. Papa huyo alishurtishwa kukopa pesa ili amnunulie mtoto fimbo zake za kwanza. Kimo cha Gary Player ni karibu mita 1 na santimetri 68, si zaidi. Hata hivyo alishinda mashindano makubwa ya dunia mara 9. Mwaka wa 1965 akawa mtu wa tatu tu kuwahi kuyashinda yote manne.

Wa pili ni Ian Woosnam wa Wales. Yeye ni mfupi zaidi: mita 1 na santimetri 64. Mwaka wa 1986 alikuja hapa kwetu Afrika ya Mashariki, akashinda mashindano ya Kenya Open kule Nairobi. Miaka mitano kisha, mwaka wa 1991, akashinda Masters kule Augusta, Marekani, na mwaka ule ule akahesabiwa wa kwanza duniani.

Basi, kimo peke yake si kizuizi. Lakini fimbo isiyo ya mwili wako, hiyo inaweza kukuzuia.

FIMBO INAYOMALIZA KAZI

Sheria inamruhusu mchezaji kubeba fimbo 14, siyo zaidi. Woosnam mwenyewe aliionja sheria hiyo mwaka wa 2001 kule Uingereza. Siku ya mwisho ya mashindano, akiwa amefikia walio mbele, mbebaji wake aligundua kwamba mfukoni kuna fimbo ya 15. Aliadhibiwa mapigo mawili. Vijana mnaobeba mifuko, hesabuni asubuhi!

Kati ya hizo 14, kuna moja inayomaliza kazi. Jina lake la dukani ni pata. Siyo ya kupiga mpira mbali. Ni ya kuusukuma polepole chini mpaka utumbukie shimoni, na shimo lina upana wa santimetri 10.8 tu. Hapa nguvu na urefu wa mwili havisaidii chochote. Mtu mfupi na mtu mrefu wako sawa kabisa, mradi kila mmoja ashike fimbo inayomfaa.

Shida ni kwamba pata nyingi zinazotengenezwa kwa wanaume zina urefu wa santimetri 86 mpaka 89. Mtu mfupi akishika fimbo ya 89, ncha yake ya juu inamgonga tumbo. Anakunja viwiko sana. Ao anasimama mbali na mpira, na hapo macho yake hayaoni tena mstari wa kwenda shimoni sawasawa. Kichwa cha fimbo nacho kinainuka upande wa mbele, kisigino kinakwaruza chini.

KUKATA PEKE YAKE HAITOSHI

Wengi wanasema: basi, twende kwa fundi, akate. Ni kweli, inafaa kukata. Lakini ukikata tu na kuishia hapo, umetatua shida moja na kuzaa ingine. Fimbo inakuwa nyepesi mkononi, sawa vile nyundo inavyokuwa ukiishika karibu na kichwa chake. Uzito wa chuma uliokata ni kidogo, gramu chache tu. Kilichobadilika ni umbali kati ya mkono wako na kichwa. Uzito ukiwa mbali na mkono unasikika sana. Ukiwa karibu unasikika kidogo.

Wanafunzi, chukueni kalamu. Tuseme kichwa cha pata kina gramu 350, na fimbo ina urefu wa santimetri 89. Zidisha: 350 mara 89 ni 31,150. Sasa tumeikata, imebaki santimetri 84. Tunataka mkono usikie uzito ule ule wa kwanza. Gawanya 31,150 kwa 84, utapata karibu 371. Maana yake kichwa kinahitaji gramu kama 21 zaidi. Ukikata mpaka 81, utahitaji karibu gramu 35. Hesabu hii si ya mwisho, kwa sababu mikono ya watu haifanani, lakini inakuonyesha pa kuanzia.

Kichwa kikiwa chepesi mno, mikono inaanza kurukaruka. Mpira mmoja unapita shimo, mwingine unaishia njiani. Kwenye nyasi ndefu ao mchanga, ambako mpira unakwenda pole, wepesi huo unaumiza zaidi.

NAMNA YA KUJIPIMA

Usipime kwa kimo tu. Watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kuwa na mikono tofauti. Fanya hivi:

1. Vaa viatu utakavyochezea. Simama mahali pa sawa, weka mpira chini.

2. Inama kutoka kwenye nyonga, siyo kwa kupinda mgongo. Acha mikono ining'inie yenyewe, bila kuikaza.

3. Macho yawe juu ya mpira, ao ndani kidogo tu upande wa miguu yako.

4. Kutanisha viganja. Mwenzako apime kutoka juu ya mkono wako wa juu mpaka chini, akifuata mulalo wa fimbo. Ongeza santimetri 2 ao 3 za kushikia. Huo njo urefu wako.

5. Shika fimbo ya urefu huo na utazame kichwa chake. Kilale chini chote, kisiinuke mbele wala nyuma.

Kama hauna pesa ya kukatisha leo, shika fimbo chini kidogo ya mahali pa kawaida. Lakini ujue kwamba kipande kinachobaki juu ya mikono kinavuta upande wa pili, na kichwa kitasikika chepesi zaidi. Njo maana hata hapo utahitaji kuongeza uzito kichwani.

KAZI YA FUNDI, NA HATARI ZAKE

Fimbo inakatwa upande wa juu, kwenye mpini, siyo upande wa kichwa. Fundi anatoa kwanza mpira wa kushikia, anakata kwa msumeno wa chuma, kisha anarudisha mpira. Mafundi wengi wanalainisha gundi kwa esansi kidogo. Basi kazi hiyo ifanyike nje, mbali na makaa, mbali na sigara, mbali na watoto.

Uzito wa kuongeza, wengine wanatumia ukanda mwembamba wa risasi unaobandikwa nyuma ya kichwa. Ongeza kidogo kidogo, gramu 5 kila mara, ukijaribu. Sheria inaruhusu kuubandika kabla ya kuanza mchezo, lakini usiubadilishe katikati. Nyumbani, kwa mazoezi, hata rondela ya chuma iliyofungwa kwa utepe inatosha.

Wamama na wapapa, sikilizeni hapa. Mtoto asithubutu kuvunja batri ya motokari ili ayeyushe risasi yake jikoni. Moshi na vumbi la risasi ni sumu. Vinaharibu ubongo wa mtoto, na madhara yake hayarudi nyuma. Hata ukanda wa dukani, ukiugusa, nawa mikono kabla ya kula.

JARIBU KABLA YA KULIPA

Usinunue kwa sababu ya rangi ao jina lililoandikwa. Muombe muuzaji mipira mitatu. Isukume yote kutoka hatua nne, kwa mwendo mmoja. Kama inasimama karibu karibu, fimbo inakuelekea. Kama inatawanyika, mmoja mbele na mmoja nyuma, uzito haujakaa. Kama yote inapita mbali bila wewe kutaka, labda kichwa ni kizito mno. Nyumbani, kopo lenye mdomo wa santimetri 10 hivi, likifukiwa uani, linatosha kwa mazoezi ya mwaka mzima.

Mnaikumbuka habari ya Daudi na mavazi ya vita ya Sauli. Alipovalishwa hakuweza hata kutembea. Hakujilaumu kwamba ni mdogo. Alivua, akachukua kile ambacho mkono wake ulikijua.

Basi mzazi, mtoto akishindwa na kazi, tazama kwanza kilicho mkononi mwake: jembe, kafi, nyundo, hata kiti anachoandikia masomo. Punguza mpini kidogo, kisha umwambie ajaribu tena. Akishindwa bado, hapo mtaongea juu ya uvivu.