Sura ya 4: Nguchiro na Tai Mla-Nyoka

Kagerankanda, katika nyanda za juu za Kigoma, ni nchi ya miombo, na mashamba ya mahindi na maharage yameingia humo. Nyoka hawakosi, na walaji wao pia wapo. Tuwalinganishe wawili: nguchiro mwembamba, ambaye kwa kawaida hafikii kilo moja, na tai mla-nyoka wa kahawia, mwenye kilo mbili hivi. Wote huwinda mchana, na wote humla nyoka mwenye sumu. Kila mmoja, hata hivyo, ana kinga ya namna yake.

Tai hana kinga mwilini. Akiumwa penye nyama, anaweza kufa. Kinga yake iko nje. Miguu ina magamba mazito, na vidole ni vifupi, vinene, vya kubana mwili unaoteleza. Hutua juu ya mti mkavu akitazama chini kwa subira, kisha humshukia nyoka ghafla na kumponda kichwa. Humeza windo zima, kichwa kikitangulia. Sumu iliyomo haimdhuru, kwa kuwa ni protini: tumboni humeng'enywa kama nyama. Hatari yake ni kuingia mwilini kwa jeraha.

Nguchiro hupambana ardhini, uso kwa uso. Silaha yake ya kwanza ni wepesi: humchokoza nyoka mpaka achoke kushambulia, ndipo humng'ata kichwani. Silaha ya pili imo ndani. Sumu ya swila huziba vipokezi ambavyo misuli hupokelea amri za neva, misuli ikalegea na pumzi ikakatika. Kwa nguchiro wa Misri, jamaa yake wa karibu, wanasayansi wamekuta vipokezi hivyo vina umbo tofauti kidogo, na sumu hiyo haivishiki. Kinga hiyo ina mipaka, maana sumu ya kifutu huharibu nyama na damu kwa njia nyingine kabisa.

Maisha yao nayo yametengana. Tai anategemea nyoka hasa, na anahitaji mti mrefu wa kuvizia na wa kutagia yai lake moja. Nguchiro hula pia panya, mijusi, panzi na mayai, na kichuguu kinamtosha kuwa nyumba. Kwa hiyo miti mikubwa ikifyekwa, tai ndiye anayepoteza zaidi. Nguchiro hubaki kando ya shamba, na vifaranga vya mkulima huongezeka katika chakula chake.