Alibeba Ukoo Mzima, Kifua Chake Akakisahau

Kama wewe ndiye unayetegemewa kwenu, wiki hii vuta kiti ukae, maana habari hii ni yako.

Juzi kijiweni mshikaji wangu mmoja alikuwa analia kilio cha kiume. Mshahara umeingia asubuhi, kufika jioni hakuna kitu. Ada ya mdogo wake, kodi ya maza, dawa za dingi. "Hivi mimi nimezaliwa mtoto au nimezaliwa benki?" akauliza. Kijiwe kizima kikacheka. Mwenzenu nilicheka kwa shida, maana hata mimi kwetu ndiye benki, halafu nilikuwa na kikohozi cha wiki tatu. Hospitali nilikuwa naipiga kalenda: ngoja kwanza nilipe ada ya dogo.

Nikamwambia, "Wewe unamjua daktari Chekhov?"

Wengi wanamjua Anton Chekhov wa Urusi kwa hadithi fupi na tamthilia. Wachache wanajua kuwa jamaa alikuwa daktari kamili, tena mtoto wa tatu kati ya sita aliyegeuka baba wa nyumba.

Alizaliwa mwaka 1860 mjini Taganrog, kusini mwa Urusi. Babu yake alikuwa mtwana wa kabaila, akajinunua yeye na familia yake mwaka 1841. Baba yake alikuwa na duka, na pia alikuwa na mkono mwepesi. Watoto walikula viboko, si mchezo. Mwaka 1876 duka likafilisika, mzee akatorokea Moscow kukwepa wadeni wake wasimfunge, na familia ikamfuata. Anton, miaka 16, akabaki peke yake amalizie shule. Kwa miaka mitatu alifundisha tuisheni, akauza vyombo vilivyobaki nyumbani, na alichopata akakituma Moscow. Mtoto wa sekondari anamtumia baba yake pesa ya kula!

Mwaka 1879 akaingia Chuo Kikuu cha Moscow kusomea udaktari. Familia aliikuta imebanana kwenye chumba cha chini ya ardhi. Mchana anapasua maiti chuoni, usiku anaandika vichekesho kwenye magazeti ya wiki kama hili uliloshika, akilipwa kwa mstari, chini ya jina la utani Antosha Chekhonte. Hakuwa anatafuta umaarufu. Mstari mmoja ulikuwa mkate mezani. Mwaka 1884 akahitimu. Baadaye alimwandikia rafiki yake kuwa udaktari ndio mke wake wa ndoa, na uandishi ni hawara tu. Sisi tungesema nyumba ndogo.

Mwaka 1892 akanunua shamba Melikhovo, kama kilometa 70 kusini mwa Moscow, akawahamishia wazazi wake na dada yake. Ndiyo, na yule mzee wa viboko. Usidhani alikuwa amesahau. Barua zake kwa kaka yake zinaonyesha kidonda kilikuwa kibichi. Lakini mzee alikula, akalala, akazeeka chini ya paa la mwanawe.

Mwaka huohuo kukawa na tishio la kipindupindu. Chekhov akajitolea kuhudumia vijiji 25, viwanda 4 na nyumba moja ya watawa, bila kulipwa mshahara. Wakulima walipanga foleni mlangoni kwake alfajiri. Eneo hilo alijenga pia shule tatu.

Sasa njoo kwenye uchungu wenyewe. Mwaka uleule aliohitimu, 1884, alianza kukohoa damu. Mwaka 1889 kaka yake Nikolai, mchoraji, akafa kwa kifua kikuu, Anton akiwa amemuuguza. Dalili alizijua kama unavyoijua nauli ya daladala. Hata hivyo alijiambia si kitu, akakwepa kupimwa. Machi 1897, akiwa mezani hotelini Moscow, damu ikamtoka nyingi kinywani. Hapo ndipo alipolazwa. Mapafu yote mawili yalikuwa yameguswa.

Kwa nini alijificha? Mimi nadhani aliogopa swali moja: nikilala kitandani, nani atawalisha?

Na bili haikumfikia yeye tu. Dada yake Maria, mwalimu na mkono wake wa kulia, alipata mchumba. Akamweleza kaka yake. Kaka akanyamaza. Maria alielewa ule ukimya, akamkataa bwana yule, na hakuolewa maisha yake yote. Ukweli ndio huo, msomaji: anayebeba wengine naye hubebwa, ila hatumwoni anayembeba.

Mwaka 1901 Chekhov akamwoa Olga Knipper, mwigizaji. Bibi yuko jukwaani Moscow, bwana yuko Yalta pwani kwa ajili ya mapafu, ndoa ya barua. Julai 1904 akafia Badenweiler, Ujerumani, akiwa na miaka 44.

Enzi zake dawa haikuwepo. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943, yeye yuko kaburini miaka 39. Sisi hatuna kisingizio hicho. Leo kifua kikuu kinatibika, na dawa zake hospitali za serikali hapa Tanzania ni bure.

Nilipomaliza, mshikaji aliniangalia, akasema, "Na wewe mbona unakohoa?"

Kesho yake asubuhi nilikwenda kupima. Haikuwa TB, nikapewa dawa za kifua na ushauri wa kulala. Ada ya dogo ikachelewa wiki moja. Nilidhani kwetu watanuna. Maza alipopiga simu aliuliza jambo moja tu: "Mwanangu, umekula?"

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.