Mkono Mmoja Haulei Mwana: Ruzuku ya Umma na Malezi ya Watoto

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Katika Kamenge, mtaa wa kaskazini mwa mji wa Bujumbura, usemi huo hupimwa kila kunapokucha. Mama aendaye sokoni kuuza mboga hana budi kuchagua: ambebe mtoto mgongoni ashinde naye juani, amwachie dada yake mdogo, ambaye kwa haki angekuwa darasani, ama aikose riziki ya siku hiyo. Mwaka 1995 vita viliwakimbiza wakazi wengi wa mtaa huu, na jamaa waliozoea kusaidiana malezi wakatawanyika.

Nyumba za askari nazo zaijua shida hii. Tangu Desemba 2007 hadi mwaka 2024 majeshi ya Burundi yalitumikia Umoja wa Afrika nchini Somalia. Baba akiwa kazini ng'ambo, mama hubaki na mizigo miwili: kutafuta na kulea.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2006 matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5, pamoja na huduma ya uzazi, yalifanywa bure. Mwaka 2010 ukaenezwa nchi nzima utaratibu wa kuvilipa vituo vya afya kulingana na kazi iliyofanyika. Hata hivyo, uchunguzi wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Ndipo mwaka 2020 Benki ya Dunia ilipoidhinisha ruzuku ya dola milioni 100 kwa mradi wa Nkuriza, unaohusu miaka ya mwanzo ya mtoto.

Fedha peke yake hazipiki uji. Burundi inao mfano mwema: madarasa ya lishe ya vijijini, ambamo akina mama hukusanyika kwa muda wa siku 12, kila mmoja akileta chakula cha shambani mwake, wakafundishwa na mama mwenzao ambaye watoto wake wana afya njema. Mwalimu ni jirani, na chungu ni cha wote.

Kituo cha kulelea watoto kinadai zaidi ya hayo. Nchini Kenya wazazi walijenga shule nyingi za chekechea kwa harambee, na mara nyingi mwalimu alitegemea karo yao. Mavuno yakiwa haba, mshahara nao ulikatika. Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi kazi ya elimu ya awali na malezi kwa serikali za kaunti. Funzo ni wazi: nyumba hujengwa mara moja, bali mlezi hulipwa kila mwezi.

Kwa hiyo wazazi wanaotaka kuomba ruzuku na wajiandae mapema. Wachague kamati yenye akina mama ndani yake. Waandike daftari la mapato na matumizi, nalo lisomwe hadharani. Wahakikishe maji safi, choo na uji wa kila siku kabla ya kununua viti. Tena wakubaliane mlezi atalipwa na nani siku ruzuku itakapokwisha, kwa maana siku hiyo mtoto atahitaji uji kama jana.